Oberkampf: Mtoto wa mtia rangi aliyetajirika kwa vitambaa vya maua

MWEZI Mei mwaka 1760, kijana wa Kijerumani mwenye umri wa miaka 21 alichapa kitambaa chake cha kwanza cha pamba ndani ya nyumba ndogo ya kupanga. Nyumba hiyo ilikuwa katika kijiji cha Jouy-en-Josas, karibu na Versailles, nchini Ufaransa. Hakuwa na mtaji mkubwa, hakuwa raia wa nchi hiyo na Kifaransa hakikuwa lugha yake ya mama. Alichokuwa nacho ni ujuzi wa mikono na siri za rangi alizofundishwa na baba yake.

Kijana huyo ni Christophe-Philippe Oberkampf. Alipofariki dunia Oktoba 1815, kiwanda alichokianzisha kilikuwa kimejulikana Ulaya nzima, na mfalme na baadaye kaisari wa Ufaransa walikuwa wamempa heshima kubwa. Leo, zaidi ya miaka 200 baadaye, maua yaliyochorwa kiwandani kwake bado yananakiliwa na kuchapwa upya kwa ajili ya mapazia, viti na shuka za kutandika. Mafundi cherehani wanaoshona magauni ya zamani kwa ajili ya filamu, michezo ya kuigiza na makumbusho nao huyatafuta.

Maisha yake yana mengi ya kumfunza mkulima na mfanyabiashara mdogo, kwa sababu alianzia chini kabisa. Bidhaa yake ilikuwa moja tu: kitambaa cha maua ambacho rangi yake haichuji.

Ukoo wa watia rangi

Oberkampf alizaliwa Juni 11, 1738 katika kijiji cha Wiesenbach, kusini mwa Ujerumani. Familia yake ilikuwa ya Wakristo wa Kilutheri na baba yake alikuwa mtia rangi nguo. Baba huyo alihama mara kadhaa kutafuta kazi na kutafuta ujuzi, na hatimaye akaweka makazi Aarau, nchini Uswisi, ambako alifungua karakana yake mwenyewe ya kuchapa vitambaa.

Mtoto alikulia katikati ya mapipa ya rangi. Alijifunza kuchonga vibao vya kuchapia, kuchanganya dawa, kupika rangi na kuosha nguo mtoni. Alipokua hakubaki chini ya kivuli cha baba yake. Alikwenda Mulhouse, mji uliokuwa ukisifika kwa uchapaji wa vitambaa, akafanya kazi ya kuchonga vibao. Mwaka 1758 alihamia Paris, akaajiriwa katika karakana iliyokuwa eneo la Arsenal.

Kitambaa kilichopigwa marufuku

Ili kuelewa bahati iliyomkuta Oberkampf, ni lazima kujua hali ya soko wakati huo. Vitambaa vya pamba vyenye maua vilitoka India. Mafundi wa Gujarat na pwani ya Coromandel walijua kwa karne nyingi namna ya kutia pamba rangi inayodumu hata ikifuliwa. Vitambaa vya Gujarat vilifika pia pwani ya Afrika Mashariki kwa majahazi, zamani sana kabla ya viwanda vya Ulaya. Wazungu walipoviona walivipenda mno, kwa kuwa vilikuwa vyepesi, vinafulika na vinapendeza.

Wafanyabiashara wa hariri na sufu wa Ufaransa waliona riziki yao inakwenda. Walilalamika serikalini, na mwaka 1686 mfalme akapiga marufuku kuingiza vitambaa hivyo na kuvichapa ndani ya nchi. Waliokamatwa walitozwa faini na bidhaa zao kuchomwa moto.

Marufuku hiyo ilidumu miaka 73, lakini watu hawakuacha kuvaa. Magendo yalishamiri na bei ikapanda. Jambo baya zaidi kwa Wafaransa ni kwamba mafundi wao wenyewe walikosa ujuzi, wakati Waswisi na Waingereza wakiendelea kujifunza. Marufuku ilipoondolewa mwaka 1759, wateja walikuwa tele lakini mafundi wa kweli walikuwa wachache.

Oberkampf alikuwa mmoja wa wachache hao, na alikuwa tayari yuko Paris.

Kwa nini Jouy?

Angeweza kufungua karakana Paris kwenye wateja wengi. Badala yake alikwenda Jouy, kijiji kilichoko katika bonde la mto Bièvre. Uamuzi huo haukuwa wa kubahatisha.

Kwanza ni maji. Kazi ya kutia rangi hula maji mengi, na maji ya Bièvre yalifaa kwa kuosha na kupika. Pili ni nafasi. Bonde lilikuwa na majani mapana ambako vitambaa vingeweza kutandazwa juani. Tatu ni soko. Versailles, makao ya mfalme, ilikuwa jirani, na Paris haikuwa mbali.

Mwanzoni Oberkampf alifanya karibu kila kitu mwenyewe: kuchora, kuchonga, kuchapa na kupika rangi. Ndugu yake Frédéric alimsaidia. Kila senti iliyopatikana ilirudi kwenye kazi, na mwaka baada ya mwaka mashamba ya jirani yalinunuliwa ili kuongeza nafasi ya kuanika.

Kazi yenyewe ilivyokuwa

Wengi hudhani kuchapa kitambaa ni kupaka rangi kwenye kibao na kugandamiza tu. Kwa njia aliyoitumia Oberkampf, iliyotoka kwa Wahindi, kibao hakikuchapa rangi bali dawa ya kushikisha rangi.

Kitambaa cheupe kiliroweshwa, kikaoshwa, kikapigwapigwa na kunyooshwa. Kisha mchapaji alichukua kibao kilichochongwa ua, akakichovya kwenye dawa iliyokolezwa kwa wanga au gundi ya mti, akakiweka juu ya kitambaa na kukigonga kwa nyundo. Palipotakiwa wekundu alitumia shabu. Palipotakiwa weusi au zambarau alitumia maji ya chuma. Dawa hizo mbili zikichanganywa zilitoa rangi ya kahawia.

Baada ya kukaa siku kadhaa, kitambaa kilipitishwa kwenye maji ya moto yaliyochanganywa na samadi ya ng'ombe. Wafugaji wanaweza kushangaa, lakini samadi ilikuwa kiungo muhimu. Iliondoa gundi na dawa iliyozidi, na ikasaidia ile iliyobaki kushika vizuri kwenye nyuzi.

Ndipo kitambaa kilipochemshwa pamoja na unga wa mizizi ya mmea uitwao madder. Pipa moja la madder lilitoa rangi zote kwa pamoja: nyekundu, waridi, zambarau, kahawia na nyeusi, kila moja mahali pake, kulingana na dawa iliyotangulia. Sehemu isiyokuwa na dawa nayo ilichafuka kidogo, kwa hiyo kitambaa kilitandazwa kwenye majani kwa siku nyingi, kikimwagiwa maji na kupigwa na jua mpaka weupe urudi.

Mwisho, wanawake walikaa mezani na brashi ndogo na kuongeza bluu ya nili na njano ya mimea. Majani ya kijani yalipatikana kwa kupaka njano juu ya bluu. Wachapaji nao walisaidiwa na watoto, ambao kazi yao ilikuwa kutandaza dawa kwenye sinia kila mara kibao kinapochovywa. Ajira ya watoto ilikuwa jambo la kawaida viwandani wakati ule.

Kazi hii yote ilitegemea kilimo. Madder ilistawishwa Uholanzi, Alsace na kusini mwa Ufaransa, na mkulima alingoja karibu miaka mitatu kabla ya kuchimba mizizi. Zao hilo lilikufa baada ya wanakemia kugundua njia ya kutengeneza rangi hiyo hiyo kiwandani mwishoni mwa miaka ya 1860.

Upande wa huzuni nao upo. Nili nyingi iliyotumika Ufaransa ilitoka visiwa vya Karibi, katika mashamba yaliyolimwa na watumwa waliotolewa Afrika. Vitambaa vya maua vilivyochapwa Ufaransa, hasa katika bandari ya Nantes, vilipelekwa pwani ya Afrika Magharibi kununulia watu.

Ubia na daftari la hesabu

Ujuzi peke yake haukutosha. Mbia wa kwanza wa Oberkampf alikuwa mlinzi wa Kiswisi aliyeitwa Tavannes, na fedha hazikukaa sawa. Miaka michache baadaye aliingia mwanasheria aitwaye Sarrasin de Maraise, ambaye alileta mtaji na kuokoa biashara.

Lakini aliyeleta faida kubwa zaidi ni mke wa mwanasheria huyo. Bibi de Maraise, aliyeolewa mwaka 1767, alishika vitabu vya hesabu na barua za biashara. Alijua nani anadaiwa, nani amechelewa kulipa, mzigo gani umekwenda wapi na mali gani imekaa ghalani bila kununuliwa. Oberkampf alibaki kiwandani kusimamia ubora, naye bibi huyo akasimamia fedha. Ubia huo ulidumu hadi mwaka 1789, na kila upande ulipoondoka uliondoka tajiri.

Kitambaa cheupe walikinunua kwenye minada ya bandari ya Lorient, mahali ambapo meli kutoka India zilishusha mizigo. Kununua wakati bei iko chini na kuweka akiba ghalani kulihitaji fedha taslimu, na fedha hiyo ilipatikana kwa kuwa madeni yalifuatiliwa.

Jina pindoni mwa kitambaa

Sheria ya Ufaransa ilimtaka mchapaji aweke alama kwenye ncha za kila jora: jina lake, mahali alipo, na kama rangi ni ya kudumu. Wengine waliiona sheria hiyo kama usumbufu. Oberkampf aliigeuza kuwa tangazo la biashara.

Kila jora lililotoka Jouy lilibeba jina lake na neno la kuhakikisha kwamba rangi haichuji. Mteja aliyenunua akafua na kuona ua limebaki vilevile, alirudi akiulizia jina hilo. Sifa ikasambaa kwa njia hiyo, na neno Jouy likageuka kuwa jina la bidhaa yenyewe. Mpaka leo vitambaa vya aina hiyo huitwa toile de Jouy, hata vikichapwa nchi nyingine.

Alama hizo zina faida nyingine. Vipande vya zamani vinapopatikana vikiwa bado na ncha yake, watafiti hutambua mara moja vimetoka wapi na ni vya kipindi gani.

Kutoka kibao hadi rola

Oberkampf hakuridhika na njia moja. Mwaka 1770, mwaka ambao pia alipewa uraia wa Ufaransa, alianza kutumia mabamba ya shaba yaliyochorwa kwa mistari myembamba, njia iliyobuniwa Ireland mwaka 1752. Kwa mabamba hayo aliweza kuchapa picha kubwa za watu, mashamba na wanyama kwa rangi moja.

Mwaka 1783 kiwanda kilipewa cheo cha kiwanda cha kifalme. Kipindi hicho hicho Oberkampf alimwajiri mchoraji Jean-Baptiste Huet, ambaye moja ya kazi zake za kwanza ilikuwa mchoro unaoonyesha shughuli za kiwanda chenyewe, kuanzia kuosha hadi kuanika. Mwaka 1787 Mfalme Louis XVI alimpandisha Oberkampf kuwa miongoni mwa waungwana.

Picha hizo za rangi moja ndizo zinazojulikana zaidi leo, lakini hazikuwa sehemu kubwa ya mauzo. Inakadiriwa kwamba kiwanda kilitoa michoro zaidi ya 30,000, na mingi ilikuwa ya maua. Kulikuwa na maua makubwa ya gharama kwa wenye nacho, na maua madogo madogo ya bei nafuu kwa watu wa kawaida. Mfanyabiashara huyo hakuwadharau wateja wa chini.

Mwaka 1797 ilikuja rola ya shaba inayozunguka. Kazi iliyowachukua wachapaji wengi siku nyingi sasa ilifanywa na mashine moja, kwa maelfu ya mita kwa siku. Mpwa wake, Samuel Widmer, alisimamia mabadiliko hayo. Ni yeye pia aliyepata njia ya kuchapa rangi ya kijani kwa mkupuo mmoja, bila kupaka njano juu ya bluu.

Mapinduzi, vita na kodi

Mapinduzi ya Ufaransa yalipoanza mwaka 1789, mtu aliyepewa uungwana na mfalme alikuwa hatarini. Oberkampf alinusurika. Mwaka 1790 wanakijiji wa Jouy walimchagua kuwa meya wao wa kwanza. Kwa kuwa kiwanda kiliwapa watu kazi, wengi hawakuona sababu ya kukiangusha.

Mwaka 1805 kilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 1,300, na kilikuwa miongoni mwa viwanda vikubwa vya Ufaransa. Mwaka uliofuata Napoleon alimtunuku nishani ya heshima ya taifa. Oberkampf alijenga pia kiwanda cha kusokota nyuzi huko Essonnes ili asitegemee pamba iliyosokotwa na wengine.

Hata hivyo, mwaka huo huo wa 1806 Napoleon alifunga bandari za Ulaya dhidi ya bidhaa za Waingereza. Pamba ikaadimika, na kodi ya mwaka 1810 ikaipandisha bei zaidi. Mzee huyo, ambaye biashara yake ilizaliwa serikali ilipoondoa marufuku, sasa aliiona ikibanwa na amri nyingine ya serikali. Wafanyakazi walipunguzwa.

Mwaka 1815 Napoleon alishindwa na majeshi ya kigeni yakaingia hadi bonde la Bièvre. Kazi ikasimama. Oberkampf alifariki Oktoba mwaka huo akiwa na umri wa miaka 77.

Mtoto wake Emile alirithi kiwanda, na baadaye kikaingia mikononi mwa wengine. Washindani wa Alsace na Uingereza walikuwa wakichapa kwa bei ndogo zaidi, na mwanzilishi aliyejua kila pipa kwa kulionja kwa macho hakuwepo tena. Mwaka 1843 kiwanda kilifungwa, miaka 28 baada ya kifo chake.

Maua yanachapwa tena

Majengo mengi yalibomolewa, lakini vitambaa, vibao na vitabu vya sampuli vilibaki. Mwaka 1977 Jouy ilifungua makumbusho ya vitambaa hivyo, ambayo tangu mwaka 1991 yako katika jumba la Églantine. Jijini Paris kuna barabara na kituo cha treni ya chini ya ardhi vyenye jina la Oberkampf.

Kutokana na akiba hiyo, wachapaji wa Ulaya na Marekani wameweza kutoa nakala mpya za maua ya zamani. Wanunuzi ni watunzaji wa nyumba za kihistoria, wapambaji wa ndani na mafundi wa mavazi ya kale. Wateja hawa ni wakali, kwani gauni la mwaka 1785 likishonwa kwa ua la mwaka 1830, mtu anayejua huliona kosa kutoka mbali.

Mnakili mwema hukabiliwa na maswali magumu. Moja ni la majani. Njano ya mimea hupauka haraka kuliko bluu ya nili, kwa hiyo kwenye vipande vya zamani majani mengi huonekana ya bluu. Je, anakili bluu inayoonekana leo, au kijani alichokikusudia fundi? Wapo wanaofuata macho ya leo na wapo wanaofuata mkono wa zamani, na mnunuzi anapaswa kuuliza kabla ya kulipa.

Lingine ni vidoti vidogo vilivyoachwa na misumari ya kibao, ambavyo mchapaji alivitumia kulinganisha kibao kila alipokihamisha. Mwenye haraka huvifuta akidhani ni uchafu. Anayeijua kazi huviacha. Pia vitambaa vya zamani vilikuwa vyembamba kuliko majora ya sasa, kwa hiyo fundi wa mavazi ya kale hukata na kuunga mahali ambapo leo pasingehitaji mshono.

Kiwanda cha Oberkampf kiliishi miaka 83. Kiliangushwa na vita, kodi na ushindani, mambo ambayo mfanyabiashara yeyote anaweza kukutana nayo. Kilichobaki ni bidhaa iliyofanywa vizuri na jina lililoandikwa pindoni mwake. Kama vitambaa vile vingechuja baada ya kufuliwa mara mbili, kusingekuwa na ua la kunakili leo.